Mbuta wa Mjomba: Shajara ya Kuunda Sanamu ya Samaki Aliyerudi Ziwani

Januari: vipimo

Urefu sentimita 124, kutoka ncha ya taya la chini hadi mwisho wa mkia. Mzunguko sentimita 76, ukipimwa mbele ya pezi la mgongoni, pale mwili unapokuwa mnene kuliko kwingine. Picha kadhaa na video fupi moja. Hiyo ndiyo mali yote tuliyo nayo ya mbuta wa Mjomba, yaani sangara aliyemnasa kwa ndoana Ziwa Victoria, maana mbuta mwenyewe aliachiliwa, akarudi majini upande wa kisiwa cha Mfangano akiwa na nguvu zake.

Mjomba anatimiza miaka sabini mwezi wa Agosti. Sisi watoto wa dada zake tumechanga tumuundie sanamu ya samaki yule kwa ukubwa wake halisi, aitundike sebuleni kwake hapa Kisumu. Mimi nimepewa usimamizi kwa sababu siku ile nilikuwa ndani ya mashua, na ndimi niliyeshika futi.

Futi yenyewe ni ya fundi cherehani, ya sentimita 150. Nashauri kila anayekwenda ziwani kwa ndoana awe nayo mfukoni. Ni laini, inazunguka mwili bila kukwaruza magamba, na hailegei ikilowa kama uzi wa nailoni. Nahodha alitandika turubai lililolowa ubavuni mwa mashua, samaki akalazwa humo, kichwa kikiwa ndani ya maji muda wote. Hatukumning'iniza kwenye mizani. Samaki mzito akining'inizwa kwa taya, uzito wote unavuta viungo vya taya na matumbo, na hata akiondoka anaogelea, huenda asifike mbali.

Kwa hiyo uzito tunaukadiria. Wavuvi wa Marekani huzidisha urefu kwa mzunguko, kisha kwa mzunguko tena, kwa inchi, halafu hugawanya kwa 800 wakapata ratili. Nimeigeuza kanuni hiyo iwe ya sentimita na kilo, na kigawanyo kikawa karibu 28,900. Kwa samaki wetu inatoka kilo 24.8. Mjomba anasema ishirini na tano, na hakuna wa kumbishia.

Februari: njia ya kufuata

Watu wengi wakisikia samaki wa ukutani wanafikiria ngozi halisi iliyochunwa, ikakaushwa na kujazwa. Kwa hiyo lazima samaki afe. Tena ngozi ya samaki mwenye mafuta mengi husumbua miaka mingi baadaye: mafuta hutoka, rangi hubanduka, harufu hurudi wakati wa joto, na Kisumu joto tunalo. Sanamu ya faiba haina ngozi wala mfupa wa samaki yeyote ndani yake. Inahitaji vipimo, picha na mkono wa fundi.

Mvuvi mwenzetu aliye Marekani hupeleka vipimo vyake kwa watengenezaji wenye kalibu tayari za samaki wa kwao, akachaguliwa ile inayokaribiana na urefu wake, ikapakwa rangi kufuata picha. Niliulizia gharama za kusafirishiwa sanduku la mita moja na nusu. Ukijumlisha ushuru, hela zingekwisha kabla rangi haijagusa kitu. Isitoshe, hapa tuna watu wanaounda matangi, bampa za matatu na hata mashua kwa faiba. Mikono ipo.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alisema jambo ni rahisi: ninunue mbuta wa urefu huo ufuoni, amwagie plasta, apate kalibu kamili ya mwili mzima. Ni kweli ingekuwa rahisi. Lakini mbuta wa sentimita 124 karibu kila mara ni jike. Madume hawafiki ukubwa huo kwa urahisi, na jike mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Mjomba alimwachilia mmoja kwa sababu hiyo. Siwezi kumuagiza mwingine auawe ili nipate sanamu ya yule aliyeachwa hai. Nilimshukuru fundi, nikaondoka.

Tuliyeafikiana naye ana karakana upande wa Kibuye. Kazi yake ya kila siku ni kuziba magari yaliyogongwa, na amewahi kuchonga sanamu za saruji. Alizitazama picha kwa muda mrefu bila kusema bei. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Unene wake kwa pembeni ni kiasi gani?" Hapo nikajua nimefika.

Hakuna aliyeupima unene huo, lakini unapatikana. Picha moja ilipigwa kutoka juu moja kwa moja, samaki akiwa amelala ubavu na futi ikiwa imelazwa kando ya samaki, na kwa hiyo kina cha mwili, kutoka mgongo hadi tumbo, tunakisoma kuwa karibu sentimita 29. Ukichukulia mwili ni kama yai lililobanwa lenye mzunguko wa 76 na kina cha 29, upana unatoka karibu 19. Picha ikatupa kipimo kimoja, futi ikatupa cha pili, na hesabu ikazaa cha tatu. Picha nzuri zaidi ya zote, ile Mjomba anatabasamu na samaki amesogezwa mbele ya kamera, haikutufaa kwa vipimo hata kidogo. Kitu kilicho karibu na lenzi huonekana kikubwa kuliko kilivyo, na kichwa kilikuwa karibu kuliko mkia.

Mwisho wa Februari: Obunga

Mwenyeji wa Kisumu anajua mgongo wazi. Viwanda vinachukua minofu ya mbuta na kuipeleka ng'ambo, na kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, kinakuja Obunga, mtaa wa hapa mjini, kukaangwa na kuuzwa mitaani. Nimekula mgongo wazi tangu utoto bila kufikiri kwamba siku moja nitautafuta kwa rula.

Kichwa ndicho kigumu kuchonga. Mbuta ana ukingo wa msumeno kwenye mfupa wa shavu na mwiba mkubwa pembeni, taya la chini limetangulia la juu, na paji limebonyea kidogo kabla mgongo haujapanda. Ukikosea hapo, unapata samaki ambaye hakuna mtu wa ziwani atakayemtambua. Kwa hiyo tulitaka kalibu ya kichwa halisi, na katika mgongo wazi kichwa kipo bila kuua samaki yeyote kwa ajili yetu.

Tatizo ni ukubwa. Samaki wetu, kwa picha, ana kichwa cha karibu sentimita 33, na vichwa vingi vinavyofika Obunga ni vya samaki wadogo zaidi. Huwezi kuchukua kichwa kidogo ukakikuza kwa uwiano, kwa sababu jicho halikui kwa kasi ya mwili. Mbuta mdogo ana jicho kubwa kwa kichwa chake, na mkubwa ana jicho linaloonekana dogo. Ukikuza kichwa cha mtoto unapata mtoto mkubwa.

Mama mmoja anayekaanga pale alinisikiliza mpaka mwisho, huku akigeuza vichwa kwenye mafuta. "Kwa hiyo samaki mlimwachilia, na sasa unanunua kichwa cha mwingine?" Nikamwambia ndiyo, Mama, ndivyo ilivyo. Akasema ataniwekea. Akaniwekea kweli, kichwa cha sentimita 32 pamoja na mkia wake, na akakataa kupokea zaidi ya bei ya kawaida. Tulikipeleka Kibuye kwenye barafu, kikamwagiwa plasta siku hiyohiyo.

Machi: povu na magamba

Kiwiliwili kinachongwa. Fundi alichora umbo la ubavu na la mgongo kwenye karatasi za kaki, akaanza kutafuta povu. Masanduku meupe ya kusafirishia samaki yamejaa mjini na ni ya bei nafuu, lakini povu lile ni polistireni, na rezini ya poliesta, ile gundi ya majimaji inayoloweshwa kwenye faiba ikaganda, huliyeyusha. Ukiipaka moja kwa moja, linazama mbele ya macho yako. Linalofaa ni povu gumu la poliurethani, lile la manjano lililo katikati ya kuta za vyumba vya baridi na malori ya samaki. Tulipata vipande kwa watu wanaokarabati malori hayo, tukavigandisha kimoja juu ya kingine.

Kuchonga kulikwenda haraka kuliko nilivyotarajia. Kisu kirefu, msasa, na futi ya cherehani ikizungushwa kila mara. Fundi aliacha mwili mwembamba kidogo kuliko kipimo ili upate nafasi ya faiba na fila, ule ujiuji mzito wa kusawazisha uso.

Magamba ndiyo yaliyotuchukua muda. Samaki haongezi magamba anapokua. Idadi inabaki ileile na kila gamba linapanuka. Kwa hiyo magamba ya samaki wa kilo tatu yakipigwa chapa kwenye mwili wa kilo ishirini na tano yanaonekana kama kitambaa. Tulihitaji ngozi ya samaki mkubwa. Hapa Kisumu wapo watu wanaozitengeneza ngozi za mbuta zikawa za viatu na mikoba, na mmoja alitupatia vipande viwili vikubwa vyenye magamba, kabla havijaingia kwenye dawa. Fundi alivipiga chapa kwenye plasta, akatoa bamba la mpira, na bamba hilo ndilo analolikandamiza juu ya fila ikiwa bado laini, sehemu kwa sehemu, kutoka mkiani kuelekea kichwani ili kila safu ilale juu ya ile iliyo nyuma yake.

Mstari wa ubavuni tuliuchonga kwa mkono. Kwa mbuta mstari huo haukomi kwenye shina la mkia, unaendelea mpaka ndani ya pezi lenyewe. Fundi aliukomesha shinani, nikamwonyesha picha, akauendeleza bila neno.

Machi, Dunga

Nilikwenda Dunga, ufuo wa wavuvi hapa Kisumu, kutafuta mapezi ya mgongoni nikakutana na swali ambalo nimelibeba tangu hapo. Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, aliuliza kwa nini tunamtukuza mbuta. Yeye anayakumbuka maji yaliyokuwa na fulu, wale samaki wadogo wa ziwa hili, wa kila rangi, kabla mbuta hajajaa. Ana haki ya kuuliza. Mbuta aliletwa ziwani na watu miaka ya 1950, akatanda katika miaka ya 1980, na aina nyingi za fulu zilitoweka kabisa.

Nilimjibu nilivyoamini na bado naamini. Fulu waliotoweka hawatarudi kwa kumuua jike huyu. Na vijiji vyote hivi, kutoka hapa hadi Mbita na visiwani, vinaishi kwa mbuta, omena (dagaa) na ngege (perege). Ufuo ukianza kuleta mbuta wa kiganja tu, ni kwa sababu wakubwa wameisha kabla hawajazaa. Mzee akasema, "Basi mpake rangi ya kweli, wasije wakadhani alikuwa malaika." Nimelichukua kama agizo.

Aprili: mvua

Kazi imesimama mara kwa mara. Rezini haipendi unyevu. Ikikauka hewa ikiwa imelowa, uso unabaki na utando unaonata na rangi haishiki. Mvua ya Kisumu huja alasiri, basi fundi analaza mkeka wa faiba asubuhi tu. Kwa joto letu anaweka hadena, dawa ya kuigandisha rezini, kidogo, karibu asilimia moja, kwa sababu rezini inajipasha moto yenyewe inapoganda, na ikizidi au tabaka likiwa nene inapasuka. Anavaa glavu na barakoa. Vumbi la faiba likiingia kifuani halina dawa ya kienyeji, na nimemwomba kijana wake naye avae.

Mapezi yako tayari. Pezi la kwanza la mgongoni lina miiba saba migumu, wa tatu ukiwa mrefu kupita yote. La chini, nyuma ya tumbo, lina miiba mitatu. Mkia ni wa duara, haukuchanika katikati kama wa samaki wengi wa baharini. Ameyafanya mapezi kwa tabaka jembamba kiasi kwamba ukiyainua juani mwanga unapita, na hilo lilinifurahisha kuliko hatua yoyote kufikia hapo.

Mei: mdomo

Mjomba tulimleta karakana. Wengine walitaka iwe siri mpaka Agosti, lakini mimi nilisisitiza aje, kwani ndiye aliyemtazama samaki yule usoni kwa karibu kuliko sisi sote.

Fundi alikuwa ameuacha mdomo wazi kabisa, na amechonga meno marefu kwa udongo ili samaki aonekane wa kutisha. Mjomba alikaa kwenye kigoda, akaitazama sanamu pande zote, akasema taratibu, "Fundi, kazi yako ni safi. Lakini huyu ana hasira, na wangu hakuwa na hasira. Alichoka. Mdomo aliufungua nusu, akivuta maji." Halafu akaomba mkono wa fundi, akauweka ndani ya taya la kile kichwa cha plasta. Mbuta hana meno ya kutoboa. Ana vijino vidogo vingi vilivyopangwa kama msasa, vya kushikilia samaki asiteleze kabla ya kumezwa. Fundi aliyatoa meno ya udongo palepale.

Mdomo sasa umefunguka nusu, mashavu yamevimba kidogo, na mkia umepinda upande mmoja kama wa samaki anayegeuka. Mjomba alidhani mkunjo umezidi, tukaupunguza.

Juni: macho na rangi

Macho tumeyatengeneza wenyewe: nusu tufe ya rezini angavu, imepakwa kwa nyuma. Mboni nyeusi, na pembeni yake pete ya manjano ya dhahabu. Jicho la mbuta huakisi mwanga gizani, na wavuvi wa usiku wanaujua mng'ao huo. Fundi aliweka karatasi nyembamba ya fedha nyuma ya rangi, na ukipita na tochi sasa jicho linakujibu.

Rangi ni habari ndefu. Samaki aliyekufa hupoteza rangi zake haraka, kwa hiyo kumfuata mbuta wa sokoni kungetupa samaki wa sokoni, wa kijivu. Tulifuata picha za samaki akiwa majini, hasa zile ambazo karatasi nyeupe ya stakabadhi ya mafuta ya mashua imeingia kwenye fremu. Karatasi ile imetusaidia sana. Kwenye picha moja inaonekana ya samawati, na kwa hiyo tunajua picha nzima imeelemea samawati na lazima tupunguze.

Kwanza praima ya kijivu. Juu yake fedha kwa brashi ya hewa, tabaka jepesi sana, kompresa ikiwa imepunguzwa nguvu. Mgongo ni kijivu cha mawe kinachoelekea kijani, ukishuka ubavuni unakuja mng'ao wa samawati, tumbo jeupe la maziwa. Ule mng'ao ndio uliotupa shida. Fundi alianza na rangi ya kumeremeta ya magari, na samaki akawa kama matatu mpya ya Kondele. Tukakwangua. Mara ya pili alichanganya unga wa kumeremeta kidogo mno kwenye vanishi, akaupuliza kwa pembe, na sasa unauona ukisogea, ukisimama unapotea. Kila gamba kubwa la mgongoni lina kivuli chembamba kwenye ukingo, na hivyo amevipaka kimoja kimoja kwa brashi ya nywele.

Lipo kovu. Upande wa kushoto, nyuma ya pezi la kifuani, samaki alikuwa na alama ya mstari iliyopona, pengine ya wavu aliowahi kuponyoka. Fundi aliuliza kama aifute ili awe safi. Nikakumbuka maneno ya mzee wa Dunga, na kovu limebaki.

Julai: kutundika

Sanamu ni ganda. Povu lilitolewa kupitia tundu la upande wa ukutani baada ya faiba kukauka, kikawekwa kipande cha mbao ngumu ndani na kufungwa kwa faiba ili skrubu zipate pa kushika. Inabebwa na mtu mmoja bila shida. Vanishi ya mwisho ni ile ya magari inayozuia jua, lakini hata hivyo hatutaitundika ukuta unaotazama dirisha la magharibi. Jua la alasiri hula rangi ya aina yoyote. Kuisafisha ni kwa kitambaa kilicholowa kidogo, bila sabuni ya unga.

Chini yake hatuweki jina wala tarehe. Mjomba ametaka vipimo viwili tu, 124 na 76, kwenye kibao cha shaba.

Kalibu ya kichwa, bamba la magamba na karatasi za kaki zimebaki kwa fundi. Kwa samaki wa kati ya sentimita 118 na 130 anaweza kuzitumia tena kwa kuongeza au kupunguza kiwiliwili, na ameniambia yuko tayari. Atakayemwachilia mbuta wa ukubwa huo amletee urefu, mzunguko mbele ya pezi la mgongoni, picha ya kila ubavu iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja huku futi ikionekana, picha ya kichwa peke yake, na kitu cheupe ndani ya fremu. Vyote hivyo vichukuliwe samaki akiwa ndani ya maji.